Dozi Niliyobakiza

Jumatano, 3 Machi 1976

Mwalimu Severa wa kisomo cha watu wazima amesema kila mtu awe na daftari la kuandika siku zake, hata mstari mmoja, la sivyo herufi zitatutoka. Basi naandika. Jina langu Pantaleo. Nilisoma mpaka darasa la pili kule kwetu Ndanda, baba akafa, nikaacha. Sasa nina miaka ishirini na mbili. Ni dobi, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, uani kwa Bi Zamda. Mimi nafua. Mrisho, mtoto wa Bi Zamda, anapiga pasi na kuongea na wateja. Mimi kuongea na watu siwezi. Mtu akinitazama usoni, maneno yote yanakimbia.

Ijumaa, 5 Machi

Mvua imeanza. Shuka nane hazikukauka.

Jumatatu, 8 Machi

Mwalimu amesahihisha daftari. Ameandika kwa wino mwekundu: Vizuri, sasa tueleze zaidi maisha yako. Nimeona haya mbele ya wenzangu. Maisha yangu yapi.

Alhamisi, 11 Machi

Nimenunua daftari la pili. Lile la mwalimu nitaliandikia mvua na sabuni. Hili hataliona.

Mwezi wa kwanza mimi na Mrisho tulienda Gerezani kwa Klara, anauza pombe ya komoni nyuma ya karakana za magari. Mrisho aliondoka mapema, akasema mkewe Sitara anamngoja. Mimi nilibaki mpaka asubuhi. Siku ya nne baadaye nikaanza kukojoa kama nakojoa pilipili, na usaha unatoka. Nilikaa wiki nzima naumia kimya kimya. Nilipokwenda zahanati nilivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Mganga akanipa vidonge vya rangi mbili, upande mwekundu upande wa njano, akasema viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, viwili wakati wa kulala, siku tano. Vyote arobaini. Akasema, "Usibakize hata kimoja."

Siku ya tatu maumivu yalikuwa yamekwisha. Siku ya nne mchana nikaacha. Niliona ujinga kumeza dawa na huku siumwi, na siku hizi ukienda zahanati mara nyingi unaambiwa dawa zimekwisha. Kwetu chakula hakiliwi chote, kinabakizwa cha mbegu. Mama angeniona nimemaliza kitu kizuri chote angenipiga. Nikaweka vidonge kumi na viwili katika kopo la buluu, lile tunalotumia kung'arisha nguo nyeupe, juu ya mwamba wa paa.

Sijamwambia mtu. Nimeandika kwa kujificha kama mwizi.

Jumatatu, 15 Machi

Dobi anajua mambo ya watu bila kuuliza. Namjua karani wa Posta anayetokwa damu puani, namjua mtu mzima anayekojoa kitandani na analaumu mtoto. Sisemi. Ndiyo sababu wateja hawanikimbii.

Leo katika karai nimekuta kikoi cha Mrisho. Doa la njano likielekea kijani, limekauka kingo zake ngumu. Nalijua doa hilo. Nimelifua mwenyewe kwenye kaptula yangu mara ngapi.

Kumbe naye alirudi kwa Klara peke yake.

Jumanne, 16 Machi

Mvua tangu asubuhi, tulikuwa wawili tu chini ya bati. Nikamwambia huku naangalia maji, "Kaka, mimi pia niliumwa."

Mrisho akaiacha pasi juu ya kola mpaka ikaanza kunuka. "Umejuaje wewe mla panya?"

"Kikoi."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Ndugu zangu wote wananiogopa, kumbe askari wangu ni dobi wa Kimwera. Haya, uliponaje?"

"Vidonge."

"Unavyo?"

"Vimebaki."

"Nipe basi, mdogo wangu. Unataka nikapange foleni pale zahanati, wanawake wa mtaa mzima wananijua? Wataniuliza, Mrisho una nini, niseme nini, jino? Na Sitara na lile tumbo. Mama akisikia ataninyonga kwa kamba hii hii."

Nikampa vinane. Vinne nikabakiza, sijui kwa nini, mkono wenyewe ulibakiza. Nikamwambia ameze viwili viwili mpaka viishe. Sikumwambia kwamba mimi nilipewa arobaini. Ningesema arobaini ningeonekana nampa kitu kisichotosha.

Ijumaa, 19 Machi

Mrisho anaimba tangu asubuhi. Ananiita daktari. Wateja wanauliza daktari wa nini, anasema wa sabuni. Nimecheka. Ni kweli nilifurahi.

Jumamosi, 27 Machi

Mvua. Nguo zinanuka uvundo. Tumezikausha kwa pasi, mkaa umekwisha.

Jumanne, 6 Aprili

Doa limerudi. Safari hii kwenye shuka yao, siyo kikoi peke yake. Nimeifua kwanza kabla Mrisho hajaamka, nikaanika ndani, nyuma ya mlango wangu, pasipo mtu kuona.

Mchana Sitara amepita na ndoo. Mimba imeshuka sana. Ameniambia, "Shemeji, mbona unafua shuka yetu kila siku kama ya mfalme? Utaimaliza nyuzi." Nikasema mvua. Akacheka, akaenda. Sitara ni mtu wa Kilwa, mpole, wa kwanza kunifundisha kuandika jina langu vizuri kabla sijaenda kisomo. Nimemjibu mvua.

Jumatano, 14 Aprili

Doa tena. Leo nimesema. Nimesema, "Kaka, nenda zahanati." Mrisho akasema, "Linatoka kidogo tu, haliumi. Dawa yako ilifanya kazi, bado linamalizikia." Nikamwambia mimi nilipewa vingi kuliko vile. Akasema, "Wewe umekonda, mimi nina damu, vinane vinanitosha." Akaanza kumwita mteja aliyepita barabarani. Nikarudi kwenye karai.

Jumapili, 18 Aprili

Pasaka. Nimeenda kanisani, nimekaa nyuma karibu na mlango. Watu walipokwenda kupokea komunyo, mimi sikuinuka.

Ijumaa, 23 Aprili

Mvua. Maji yameingia uani mpaka kwenye mawe ya jiko.

Alhamisi, 29 Aprili

Sitara amejifungua alfajiri. Walitaka kumpeleka hospitali, lakini maji barabarani yalifika magotini na teksi haikupatikana, basi akaitwa mkunga wa mtaa wa pili. Mtoto wa kike. Wataita Sabaha kwa sababu ya asubuhi. Bi Zamda amepiga vigelegele mpaka sauti imekauka. Mrisho amenikumbatia na mikono yake yote ya majivu, shati langu limeharibika. Nimefua nguo za uzazi, makarai matatu. Nilikuwa na furaha na nilikuwa nikisema moyoni, Mungu, isiwe kitu.

Jumapili, 2 Mei

Macho ya mtoto yamevimba. Bi Zamda anasema ni upepo, ameyakamulia maziwa ya mama. Anasema watoto wote wanaanza hivyo.

Jumatatu, 3 Mei

Nimeletewa vitambaa vya mtoto nifue. Usaha. Mwingi, wa njano ukielekea kijani, na ukikauka kingo zake ngumu. Nimekaa na kitambaa mkononi, maji ya bomba yakijaa karai na kumwagika.

Mrisho akaja nyuma yangu. Alikuwa ameona nilichoona. Hakufanya utani. Akasema kwa sauti ndogo, "Vile vinne bado unavyo?"

"Vya nini?"

"Tupasue, tuchanganye unga wake na maziwa, tumtie. Si ugonjwa ni ule ule? Basi dawa ni ile ile."

"Tumpeleke hospitali, kaka."

"Wataniuliza mbele ya mama yangu. Wataniuliza mbele ya Sitara. Panta, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli hajawahi. Yeye ndiye aliyenipa kona ya kulala nilipofika kutoka kusini na sanduku la bati. Nikapanda juu ya kiti, nikashusha kopo la buluu, nikampa vinne vilivyobaki.

Baada ya muda nikasikia mtoto analia. Siyo kilio cha njaa. Nilikaa nje nikawa nafua shati moja lililokwisha takata. Nilifua mpaka kifungo kikatoka.

Jumanne, 4 Mei

Naandika yote ya leo, hata kama mkono utachoka.

Asubuhi Mrisho alikwenda Posta kupeleka nguo za makarani. Sitara akatoka mlangoni na mtoto kifuani. Macho ya Sabaha yalikuwa kama tunda lililooza, kope zimegandamana, na pembeni kuna chembechembe za njano zilizoganda. Ule unga. Sitara akasema, "Shemeji, hafungui macho tangu jana. Mrisho alimtia dawa, anasema ya hospitali. Ni dawa gani ile?"

Nikasema, "Twende zahanati."

Bi Zamda akatoka jikoni. "Aende wapi? Mzazi wa siku tano? Arobaini hajaifikia, unataka apigwe na upepo afe?"

"Mama, mtoto anaumwa," nikasema. Sijawahi kumjibu Bi Zamda.

"Nani kakuuliza? Tangu lini dobi akajua watoto? Wewe umezaa wangapi?"

Sitara hakujibizana. Akaingia ndani, akatoka amejifunika khanga mbili na moja kichwani. Akasema, "Mama, nisamehe. Nitajifunika vizuri." Mvua ilikuwa inanyesha. Mwavuli hatuna. Nikachukua shuka nzito ya mteja, imepigwa pasi, imekunjwa tayari, nikawafunika wote wawili. Bi Zamda alisimama mlangoni akisema maneno mpaka tukakata kona.

Zahanati benchi lilikuwa limejaa wanawake. Tulipofika kwa Sista Benedikta, muuguzi mtu mzima mwenye miwani, akamlaza mtoto mezani, akachukua pamba na maji ya chumvi, akafungua kope kwa vidole. Usaha uliruka. Ulimpata kwenye miwani. Hakurudi nyuma. Akaendelea kuosha, anaosha na kufuta, anaosha na kufuta, uso umebadilika.

Akaniambia mimi, "Baba, ulikuwa na ugonjwa gani mkeo akiwa na mimba?"

"Siyo mume wangu," Sitara akasema. "Huyu ni dobi wetu."

Mwanamke mmoja kwenye benchi akacheka, akamnong'oneza mwenzake, "Siku hizi dobi anasindikiza mpaka kliniki." Wakacheka wote wawili. Mlango ulikuwa wazi, kila mtu anasikia.

"Mume yuko wapi?"

"Kazini."

"Aliwahi kuumwa ugonjwa wa wanaume? Kisonono? Usione haya, dada, nauliza kwa ajili ya mtoto."

Sitara akasema, "Hajawahi. Mume wangu hana tabia hiyo."

Alisema hivyo kwa fahari kidogo. Sista akaitika, akachukua tyubu ndogo ya dawa ya macho, ile ya kupaka. Niliona anaifungua. Nilijua hapo kwamba atampaka, ataandika karatasi, tutarudi nyumbani. Nikahesabu mpaka kumi. Maneno yalikuwa yamekimbia kama kawaida yake. Nikaangalia sakafu, nikaona matone ya usaha kwenye saruji, nikasema nikiwa naangalia yale matone.

"Aliugua. Mwezi wa tatu. Mimi niliugua kabla yake, nikampa dawa zangu."

Nikasikia benchi linalia, wanawake wanageuka. Sitara sikumwangalia.

"Dawa gani?" Sista akauliza.

"Za rangi mbili. Nyekundu na njano."

"Alimeza vingapi?"

"Vinane."

"Kati ya arobaini. Na wewe?"

"Ishirini na nane. Nilibakiza."

"Ulibakiza kwa ajili ya nani?"

Nikasema, "Vinne vya mwisho tulivipasua jana. Unga tulimtia mtoto machoni."

Sista akavua miwani, akaifuta na kona ya gauni lake. Nilidhani atanipiga. Akaufunga mlango, ndipo akaongea, siyo kwa ukali, kama mtu anayemfundisha mtu kazi. Alisema ule unga haukutengenezwa kwa jicho, una vitu vya kujazia vinavyokwaruza. Alisema dawa zile ni nzuri kwa mtu mzima akizimaliza zote, lakini siyo za mwenye mimba, siyo za anayenyonyesha, na siyo za kichanga kama huyu. Mdudu huyu kwa mtoto anatakiwa penisilini ya sindano, leo hii, na macho kuoshwa kila saa. "Nusu dozi unampiga mdudu kofi," akasema. "Anaanguka, unadhani amekufa. Akiinuka anakujua." Halafu akasema, "Usingesema, ningempaka hii ya macho ya kawaida, akarudi nyumbani. Kwa wiki moja angekuwa kipofu."

Akamchoma Sabaha paja dogo kama kidole changu gumba. Akamchoma Sitara. Akanichoma na mimi, pande zote mbili, akasema hata kama siumwi haniamini tena. Akauliza ugonjwa tuliupata wapi, nikamwambia, akaandika karatasi mbili, moja ya Mrisho, moja ya yule mwanamke wa Gerezani. Akatuandikia turudi kila siku.

Njiani Sitara alitembea mbele. Shuka ya mteja imelowa yote. Tulipofika karibu na soko jipya akasimama, bila kugeuka akasema, "Ile shuka yetu uliyokuwa unafua kila siku."

Nikasema, "Ndiyo."

Akaendelea kutembea.

Jumatano, 5 Mei

Mrisho amenishika shingo uani, mbele ya mama yake. "Umenivua nguo," akasema. "Mbele ya wanawake wa mtaa mzima umenivua nguo. Mimi nilikupa pa kulala." Sikujitetea. Aliniachia mwenyewe. Akabeba pasi na meza, akahamia kibarazani kwa fundi cherehani. Karatasi ya Sista aliitupa kwenye maji machafu. Nimeiokota, nimeipiga pasi kwa chupa ya maji moto ikakauka, nikaiacha juu ya meza yake kule kwa fundi.

Alhamisi, 6 Mei

Sitara amekwenda na mtoto zahanati, Bi Zamda amemsindikiza. Hakusema upepo.

Ijumaa, 7 Mei

Usaha kwenye vitambaa umepungua. Vitambaa kumi na moja. Jana vilikuwa ishirini na mbili.

Jumapili, 9 Mei

Bi Zamda ameniletea chai uani, ameweka kikombe juu ya jiwe bila kuniangalia. Nilidhani anakuja kunifukuza. Akakaa kwenye kibao. Akasema, "Mtoto wangu wa pili alikuwa kipofu. Kabla ya Mrisho. Alikufa na miaka sita. Wote walituambia ni upepo." Akasogeza kikombe kwangu. "Baba yake Mrisho alikuwa anasafiri sana na malori." Halafu akainuka, akasema chai itapoa.

Nimekaa nayo mpaka ikapoa.

Jumatatu, 10 Mei

Mrisho amepita na kurudi, anatembea upande upande. Alikwenda kuchomwa sindano mpaka Temeke ambako hakuna anayemjua. Hakunisemesha. Aliweka karatasi ile ile juu ya ukingo wa karai langu, imepigwa muhuri, sindano zote zimeandikwa, halafu akaenda zake. Nimeisoma mara tatu. Naweza kusoma sasa maandishi ya mganga, karibu yote.

Jumamosi, 15 Mei

Nimeenda Gerezani. Klara hajui kusoma, nimemsomea karatasi yake nikiwa nimesimama. Amenitukana kuanzia mimi mpaka bibi yangu. Kisha ameuliza zahanati inafunguliwa saa ngapi.

Alhamisi, 20 Mei

Sista amepima macho kwa kurunzi. La kulia zima. La kushoto limebaki na doa jeupe katikati, kama chembe ya mchele. Anasema huenda likafifia, huenda lisififie. Sitara ameniambia haya akiwa amesimama mbali, kwa sauti ya kumpa habari mtu wa posta.

Jumanne, 25 Mei

Mwalimu Severa ameuliza kwa nini daftari langu lina mvua na sabuni tu. Nimemwambia ndiyo maisha yangu.

Jumatano, 2 Juni

Shuka za Mrisho na mkewe zimeletwa na Bi Zamda. Nimezikagua zote kwa jua, upande huu na upande huu. Hakuna kitu. Nimezifua hata hivyo, na leo nimezianika mbele, barabarani, kila mtu azione.

Jumanne, 8 Juni

Arobaini ya Sabaha. Jua kali, mvua imekwisha kabisa. Wamepika pilau. Mrisho amerudisha meza ya pasi uani, ameiweka pale pale, akasema mkaa wa kule fundi anauhesabu kipande kwa kipande. Hayo ndiyo aliyosema. Mimi nimejibu, "Haya."

Mchana Sitara ametoka nje na mtoto, mara ya kwanza bila kujifunika. Nilikuwa naanika shuka. Akaja mpaka pale. Nikashika kamba, nikageukia nguo.

"Shemeji," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kuniita hivyo. "Usiangalie pembeni. Mwangalie."

Nikageuka. Upepo ulikuwa unapeperusha shuka, na Sabaha anaifuata kwa jicho la kulia, inakwenda naye anakwenda. La kushoto na doa lake linachelewa nyuma kidogo, halijui liende wapi. Halafu akaiacha shuka, akaniangalia mimi.

Sijawahi kumaliza kuangaliwa na mtu. Leo nimesimama. Niliangalia jicho la kulia, nikaangalia na la kushoto, lile jeupe, nikalisoma lote mpaka yeye mwenyewe akageuza uso akatafuta ziwa la mama yake.

Kopo la buluu lina buluu tu sasa. Shuka za leo zimekauka zote.